Mzee wa matatu ya Koru, hawatafuti dhahabu

Mhariri,

Juzi nikitoka Kisumu kwa matatu ya Koru mzee mmoja alituambia eti hawa watu wanaokuja kuchimba vilima vyetu wanatafuta dhahabu, na hiyo hadithi ya mifupa ya wanyama wa kale ni ya kutufumba macho, gari nzima ikakubali. Nilinyamaza kwa heshima, lakini naomba nafasi nimjibu mzee wangu hapa, maana hakukosea sana. Kweli kuna kitu walikuwa wanatafuta, ni vile tu kimekuwa kikibadilika.

Wa kwanza walitaka mnyama wa kuweka kwa makumbusho na mfupa wa kuwaonyesha mwamba ni wa zama gani. Felix Oswald, mwanajiolojia, alitumwa Karungu kule kando ya Ziwa Victoria mwaka wa 1911 kwa kazi hiyo, na mwaka huohuo jamaa mmoja wa ndovu aliyetoka hukohuko Karungu akapewa jina Deinotherium hobleyi, yaani wa Hobley, afisa wa mkoloni. Mwenyeji wa Karungu hakuna aliyepewa heshima hiyo.

Halafu miaka ya 1920 mlowezi mmoja hapa Koru, Gordon, akaokota mifupa kwenye mawe ya chokaa, ikapelekwa London, na Hopwood, mtaalamu wa makumbusho ya huko, kuangalia akakuta kuna sokwe wa kale ndani. Mwaka wa 1933 akamwita Proconsul, utani tu, kwa sababu kulikuwa na sokwe wa maonyesho aliyeitwa Consul. Kutoka hapo mambo yakageuka kabisa. Kila mtu sasa anataka babu wa binadamu, na ukiokota kobe au panya wanakuambia asante weka hapo kando.

Hiyo haraka ilimchoma Louis Leakey mwenyewe, yule mtafiti maarufu wa mifupa ya kale. Alitangaza taya lililotoka Kanam, kando ya ziwa, kuwa la binadamu wa zamani sana, lakini mwanajiolojia Boswell alipokuja 1935 aonyeshwe lilipotoka, Leakey akashindwa kumwonyesha, akasema vigingi vya chuma alivyoacha vimeng'olewa na wenyeji (sisi tena!). Angalau baada ya hiyo aibu watu walijua mfupa bila mahali ulipotoka ni stori tu. 1948 mkewe Mary Leakey akapata lile fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga, likabebwa hadi Uingereza kama yai. Mwanzo wa miaka ya 1960 ikawa zamu ya Fort Ternan, hapa jirani, Leakey akasema sokwe wake wa kale Kenyapithecus wa miaka milioni 14 yuko kwa ukoo wetu. Kumbe 1967 wanasayansi Sarich na Wilson wanapima protini za damu huko Marekani na kusema sisi na sokwe tumeachana kama miaka milioni 5 tu iliyopita. Basi wa miaka milioni 14 hangeweza tena kuwa wa ukoo wetu peke yetu, Fort Ternan ikapoa, mifupa ya Lucy, jamaa wa kale wa binadamu, ikapatikana Ethiopia 1974, Mkenya Kamoya Kimeu akapata mifupa ya yule kijana wa kale wa Turkana 1984, na magari yote yakaelekea kaskazini. Sisi tukabaki na miwa yetu.

Sasa mzee, sikiza hii ndiyo inaniuma. Pale Meswa Bridge, hapa tu karibu na Muhoroni, walichimba mwisho wa miaka ya 1970. Sokwe aliyetoka pale aliandikiwa ripoti ya kisayansi kufikia 1981, chapchap. Lakini pamoja naye kulikuwa na mnyama mla nyama mkubwa kuliko dubu wa barafuni, mwenye meno ya kutisha, huyo aliwekwa kwa droo ya makumbusho Nairobi akakaa na mifupa ya fisi hadi watafiti Borths na Stevens wakamtangaza 2019. Miaka karibu 40 kwa droo! Jina wamempa Simbakubwa kutokaafrika, Kiswahili kitupu, ingawa hata si simba.

Na siku hizi maswali ni mengine kabisa. 2023 watafiti walitoa ripoti kuhusu nyasi, ndiyo nyasi, wamepima udongo wa kale wa Koru, Songhor, Rusinga na hata Moroto kule Uganda, wakaona nyasi zinazopenda joto zilikuwa tele zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, wakati ilikuwa inaaminika zilienea kama miaka milioni 10 tu iliyopita. Yaani ule mchanga waliokuwa wanautupa ili wafikie sokwe ndio wanauweka kwa mifuko sasa.

Kwa hivyo mhariri ombi langu ni kwa makumbusho na kaunti. Fungueni hizo droo tena. Na vijana wanaovunja mawe ya chokaa huku waelezwe, kwa Kiswahili na Kijaluo, kwamba wakikuta alama ya jani au kigamba cha konokono kwa jiwe wasiitupie lori, wapige simu, na hiyo namba ya kupiga ibandikwe pale machimboni, maana saa hii hakuna.

Mkaazi wa Koru