Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu na Kaunti ya McIntosh

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulituagiza tuache kurukaruka, tuishike kaunti moja ya jimbo hili la Marekani tunaloishi na tuisome mpaka ituingie. Tulichagua McIntosh, pwani ya Georgia, kaunti ya vijijini ambayo makao yake makuu ni mji mdogo wa Darien. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nitaeleza tulichokiona.

Wenzetu waliokulia Rufiji ndio waliouelewa mto Altamaha kabla yetu sote. Mto huu huanzia pale mito ya Oconee na Ocmulgee inapokutana, ukateremka kilomita 220 hivi bila bwawa hata moja kuuzuia, kisha ukagawanyika karibu na Darien kuwa mito midogo kadhaa. Bahari ikijaa huyasukuma nyuma maji baridi ya mto hadi yafunike ardhi, ikipwa, huyaachia. Hapo ndipo palipolimwa mpunga. Watumwa walichimba mifereji, wakainua matuta na kuweka malango ya mbao ya kuingizia na kutolea maji, wakisimama kwenye matope yenye homa. Matuta ya kisiwa cha Butler bado yanaonekana ukiwa barabarani. Tulisimama pale kwa muda mrefu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi garini.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mwaka 1739 wanaume 18 wa Darien, wahamiaji wa Kiskoti, walitia saini ombi la kupinga utumwa usiingizwe Georgia. Marufuku ya utumwa iliondolewa 1751. Mwaka 1859, Pierce Butler, akiwa amelemewa na madeni, aliuza zaidi ya watu 400 wa mashamba yake katika mnada wa siku 2 huko Savannah. Mvua ilinyesha siku zote mbili, na vizazi vyao wanauita mnada ule Wakati wa Kilio. Miaka 4 baadaye, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, Darien yenyewe iliteketezwa kwa moto na askari wa Kaskazini.

Kisiwani Sapelo aliishi Bilali Muhammad, mzaliwa wa Futa Jallon, Guinea ya leo, mtumwa aliyewasimamia watumwa wenzake katika shamba la Thomas Spalding. Aliacha kijitabu alichokiandika kwa mkono, kwa Kiarabu, chenye mafunzo ya udhu na sala kwa madhehebu ya Maliki. Leo kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Georgia. Wanachama wetu waliosoma chuoni kwa mwalimu, kwa ubao na kalamu, walinyamaza waliposikia habari hii. Wajukuu wa watu wale bado wako Hog Hammock, kijiji cha kisiwani humo, lakini wamebaki wachache, na mwaka 2023 kaunti ilibadili kanuni ili kuruhusu nyumba kubwa zaidi kujengwa. Wenyeji wanahofia kodi ya ardhi itawashinda. Naona hofu yao ni ya haki. Tuliwaombea pia watu 7 waliofariki Oktoba 2024 baada ya daraja la gatini kuporomoka, siku ambayo kisiwa kilikuwa kinasherehekea utamaduni wake.

Nimeacha Harris Neck, sehemu nyingine ya kaunti hii, mwisho kwa makusudi. Mwaka 1942 serikali ya shirikisho iliwaondoa wakazi weusi ili kujenga uwanja wa ndege za kivita. Sasa ni hifadhi ya ndege pori, na familia zile hazijarudishiwa ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtaalamu wa lugha Lorenzo Turner alimrekodi mama mmoja wa hapo, Amelia Dawley, akiimba wimbo ambao yeye mwenyewe hakujua maana yake. Maneno yalikuwa ya Kimende, lugha ya Sierra Leone. Miongo mingi baadaye watafiti walimkuta Baindu Jabati, katika kijiji cha Senehun Ngola, akiuimba wimbo uleule. Kwao ulikuwa wa maziko. Mary Moran, binti yake Amelia, alikwenda kumwona Baindu mwaka 1997. Wimbo ulikuwa umepita kwa mama na binti, mama na binti, pande zote mbili za bahari.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo mawili. Kwanza, chama kinunue kinasa sauti kizuri, na kila familia irekodi wazee wake wanaotutembelea kutoka nyumbani: nyimbo za kubembeleza, za jando, za msibani, hata zile ambazo maneno yake hayaeleweki tena. Pili, safari ijayo ya Sapelo ipangwe kwa ratiba ya kivuko na tulale kwa wenyeji, ili fedha yetu ibaki kisiwani. Wenye gari kubwa wajiandikishe kwa katibu leo, kabla hatujaingia kwenye chakula.

Naomba kuwasilisha.