Kamirithu ilikuwa na watu wengi

Mhariri, tangu mwandishi Ngugi wa Thiong'o atuache Mei 2025 magazeti yamemuandika sana na anastahili kabisa, lakini kila mkifika kwa ile drama ya Kikuyu ya kijiji cha Kamirithu, Limuru, Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikitaka) ya 1977, ni kama aliandika peke yake akapanda steji peke yake. Na Ngugi wa Mirii aliyeandika naye je? Na Kimani Gecau aliyedairekti? Hao hata mstari mmoja hawapati!

Halafu waigizaji wenyewe, jamani. Hawa walikuwa wakulima na wafanyakazi wa pale Limuru, watu wa viwandani na mashamba ya chai, wanatoka kazini ndio waende mazoezi, na mazoezi yalikuwa wazi kila mtu anakuja kuangalia, wazee wakisikia mzee wa kwenye mchezo anaongea kama kijana wanamrekebisha hapo hapo. Steji nayo vijana waliipanga kwanza chini kwa njiti za kiberiti, ndio wakatengeneza modeli ndogo, mwishowe ukumbi wa wazi wa kukaa watu kama 2,000. Serikali ikafuta leseni ya mchezo Novemba mwaka huo huo wa 1977, na 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wote.

Waigizaji wengine wa wakati ule ni wazee sasa, so naomba mtume ripota Limuru awatafute, awapige picha kama watakubali, na muandike majina yao na nani aliigiza nini.

Msomaji wenu,
Kiambu