Baraza la teknolojia liketi mlangoni mwa bajeti

Mhariri,

Wengi wanataka serikali ya Kenya iunde baraza la kuongoza sera ya teknolojia za umma, nasi tunaunga mkono. Ila kabla ya majina kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kuna jambo moja la kuamua kwanza: mradi utafikishwa mbele ya baraza hilo lini? Ukifika zabuni ikiwa tayari imetolewa, ushauri wowote hautabadilisha chochote.

Mfano upo karibu. Usajili wa Huduma Namba, namba moja ya kumtambulisha mtu katika huduma za serikali, ulifanywa nchi nzima mwaka 2019, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ilipatikana Novemba mwaka huohuo, baada ya data kukusanywa. Januari 30, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliruhusu mpango uendelee kwa masharti, wakakataza ukusanyaji wa DNA na wa vipimo vya GPS vya makazi ya watu. Oktoba 14, 2021, mahakama hiyohiyo ilibatilisha uamuzi wa kutoa kadi kwa kuwa hakukuwa na tathmini ya athari kwa faragha ya watu inayotakiwa na kifungu cha 31 cha sheria hiyo. Wataalamu walikuwepo; mwaka 2018 serikali ilikuwa imeunda jopo la blokicheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na wengi kwa pamoja) na akili mnemba chini ya Profesa Bitange Ndemo. Lakini jopo hutoa ripoti kisha huvunjwa, na hakuna afisa aliyefungwa na sheria kusimamisha malipo kwa sababu ya ripoti yake.

Ndiyo maana tunapendekeza baraza liundwe kwa sheria ya Bunge, na lipewe mamlaka moja yenye nguvu: pasipo cheti chake, fedha za mradi zisiingizwe katika makadirio ya bajeti. Kalenda inajulikana. Hazina ya Taifa hutoa waraka wa bajeti kufikia Agosti 30, Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15, na makadirio kufikia Aprili 30. Basi wizara iwasilishe faili la mradi mwishoni mwa Septemba, nalo baraza lijibu ndani ya siku 45. Likinyamaza, kimya kisihesabiwe kuwa idhini. Faili liende moja kwa moja kwa kamati ya Bunge inayohusika, na baraza lieleze sababu ya kuchelewa. Palipo na dharura ya kweli, kama mlipuko wa maradhi, cheti cha muda wa miezi sita kinatosha.

Miradi ipi ipite hapo? Kiwango cha fedha pekee hakitoshi. Mfumo wa kutambua nyuso katika kituo cha mabasi unaweza kuwa wa bei ndogo kuliko paa la shule, lakini madhara yake ni makubwa zaidi. Kila mradi unaochukua alama za vidole, sura au data ya afya upite hata ukiwa wa bei ya chini. Kwa mingine, gharama ihesabiwe kwa miaka mitano: vifaa, leseni, matengenezo, mafunzo na ada inayokatwa kwa kila malipo. Ikihesabiwa kwa mkataba mmojammoja, kazi itagawanywa vipande ili kila kipande kibaki chini ya kiwango. Sheria ya ununuzi ya 2015 inakataza ujanja huo, lakini mkaguzi huugundua fedha zikiwa zimeshatumika.

Faili lenyewe ndiyo sehemu inayohitaji umakini zaidi, kwa sababu hapo ndipo mifumo mingi ya umma huharibikia. Kwanza, umiliki. Haitoshi mkataba kusema kwamba "mfumo ni wa serikali". Faili litaje ni nani anashika msimbo wa programu, ni nani anashika funguo za usimbaji zinazofungua data iliyofichwa, jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, na hifadhidata itatolewa kwa muundo gani mkandarasi akiondoka. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ameshaonyesha kwamba mfumo wa kidijitali wa afya wa Sh104.8 bilioni, unaotumiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, haukununuliwa kwa ushindani na umiliki wake hauko kwa serikali. Kasoro ya namna hiyo huonekana ukisoma rasimu ya mkataba. Hakuna haja ya kusubiri ripoti ya ukaguzi.

Pili, jaribio la urejeshaji. Nakala ya data ichukuliwe, ipelekwe kwenye seva nyingine, na mfumo uwashwe na watumishi wa wizara peke yao, bila mkandarasi chumbani. Wakishindwa, serikali haina mfumo. Ina huduma ya kukodi. Mara nyingi jaribio hili hukwama kwa mambo madogo: nenosiri la msimamizi lililo na mtu mmoja, cheti cha usalama kilichosajiliwa kwa baruapepe ya mkandarasi, au nakala zinazotengenezwa kila usiku lakini hazijawahi kufunguliwa. Lifanywe kabla ya malipo ya mwisho, kisha kila mwaka.

Tatu, njia ya pili kwa mwananchi. Vidole vya mkulima, fundi wa mawe au mzee hupoteza mistari, na kisomaji hukataa. Msimbo wa siri hutumwa kwa simu ambayo huenda ni ya jirani. Mtandao hukatika. Faili lieleze karani afanye nini mashine ikikataa, kwa fomu ipi, na kazi hiyo iingizwe katika mfumo kwa muda gani. Kama jibu ni "mwananchi arudi kesho", cheti kisitolewe: mama mwenye mtoto mgonjwa ametoka mbali, na hana nauli ya kesho.

Tathmini ya athari nayo iwe ndani ya faili. Sheria inataka ifikishwe kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya uchakataji kuanza, hivyo kuidai mapema hakuongezi kazi yoyote.

Kuhusu wanachama, tisa wanatosha. Hata tume nyingi za Katiba zina watu watatu hadi tisa. Wawili wapendekezwe na Baraza la Magavana, kwa kuwa afya na kilimo vimegatuliwa na kaunti ndizo zinazolaumiwa mfumo ukilala. Wawepo mhandisi wa mifumo, mtaalamu wa usalama wa mitandao, mwanasheria, mhasibu wa umma na mwakilishi wa watu wenye ulemavu. Vipindi vipishane ili wote wasiondoke siku moja. Mwenye hisa katika kampuni inayouzia serikali mifumo asikubaliwe, wala aliyetoka humo chini ya miaka miwili iliyopita.

Fedha za baraza zisitoke kwenye asilimia ya miradi linayoidhinisha, maana litapata faida kwa kusema ndiyo. Wala zisipitie wizarani. Marekani iliwahi kuwa na Ofisi ya Tathmini ya Teknolojia, iliyoundwa na bunge lake mwaka 1972 na kusimamiwa na wabunge 12, nusu kwa nusu kati ya vyama viwili. Ilitoa ripoti takribani 750. Mwaka 1995 bunge hilohilo liliinyima fedha ikafungwa, ingawa sheria iliyoiunda haikufutwa. Katiba yetu inaruhusu sheria ya Bunge kutoza gharama moja kwa moja kwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Angalau mishahara ya wanachama ilindwe hivyo.

Kuna wanaosema tayari tuna Mamlaka ya TEHAMA, iliyoundwa 2013. Ni kweli, na kazi yake ni kubwa. Lakini mamlaka hiyo iko chini ya wizara na hutekeleza miradi yenyewe, ukiwemo ule wa tableti za shule za msingi. Anayejenga hawezi pia kuwa mkaguzi wa ukuta alioujenga. Kamishna wa Data naye anaangalia faragha. Hana wajibu wa kuuliza kama bei inafaa au kama serikali itaweza kuachana na mkandarasi.

Kila cheti, na kila kinachokataliwa, kichapishwe ndani ya siku 14, kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na sababu. Yafichwe tu maelezo ambayo mdukuzi angeyatumia.

Mwisho, mswada uwe na kifungu cha mifumo ambayo tayari inafanya kazi. Ipewe miezi 18 kuwasilisha faili lilelile na kupita jaribio la urejeshaji. Orodha ianzie kwenye mfumo wa afya, kisha ule wa malipo ya huduma za serikali, kwa kuwa hiyo miwili ikilala usiku mmoja, hospitali na ofisi za kaunti zote 47 zitajua asubuhi.

Wadau wa mifumo ya umma,
Nairobi