Kompyuta Haiwaki, au Inawaka Lakini Kioo ni Cheusi?

Wateja wetu wengi hapa Busia, upande wa Uganda, wakiingia dukani husema neno moja tu: "Imekufa." Juzi wakala mmoja wa forodha alishuka kwenye bodaboda amelikumbatia kasha la kompyuta kama mtoto mwenye homa. Lori la mteja wake liko kwenye foleni ya mpakani, na yeye hawezi kuingia ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha. Tukaliweka mezani, tukachomeka waya wetu, likawaka papo hapo. Kilichokufa ni fyuzi ya plagi, na waya wenye plagi hiyo alikuwa ameuacha ofisini.

Kwa hiyo, ndugu mteja, kabla hujamwita wa bodaboda, tuambie kwanza: haiwaki kabisa, au inawaka ila haionyeshi kitu? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Haiwaki maana yake hakuna taa wala feni. Anzia ukutani: chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama kuna umeme. Kama kompyuta inapitia kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, itoe uichomeke ukutani moja kwa moja, kwa sababu UPS yenye betri iliyochoka hugoma yenyewe na lawama zikaiangukia kompyuta. Halafu fungua plagi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na ya ampea 5 inatosha kwa kompyuta ya kawaida ya ofisini. Tumeshakuta watu wamezungushia karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Tafadhali sana! Fyuzi imewekwa iungue yenyewe ili waya na kompyuta vipone.

Ukinunua kompyuta iliyotumika ng'ambo, tazama nyuma, karibu na tundu la waya. Baadhi zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wa Uganda ni volti 240, basi kiwe kwenye 230. Kikiwa kwenye 115 utasikia mlio kama wa baruti, na hapo ni kununua pawasaplai nyingine, yaani kile kiboksi cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Pawasaplai huuawa pia na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, kwa hiyo ukikatika chomoa, na ukirudi subiri dakika chache. Ila usiifungue pawasaplai mwenyewe, hata ikiwa imechomolewa, maana ndani yake umeme hubaki. Sisi tuliwahi kufungua moja tukakuta mjusi amekauka, kalala juu ya bodi, mkia upande huu na kichwa upande ule.

Sasa ile inayowaka, feni inazunguka, na kioo ni cheusi. Hii ndiyo inayotuletea watu wengi. Kama kioo kinaandika kwamba hakipati picha, kioo ni kizima. Kaza kebo pande zote mbili, hasa ile ya bluu yenye skrubu mbili, maana ukisogeza meza kidogo tu inalegea. Kama nyuma ya kasha kuna sehemu mbili za kuchomeka kioo, tumia ile ya kadi ya picha, iliyo chini peke yake. Ile ya juu karibu na USB mara nyingi huzimwa kadi ikiwepo.

Kebo ikiwa nzima, mshukiwa wetu wa kwanza ni ramu, kile kijibao chembamba cha kumbukumbu. Vumbi la malori linaingia kila mahali, unyevu nao unafanya yake, na ile miguu ya dhahabu ya ramu inafifia mpaka haigusani vizuri na madabodi, ile bodi kubwa ya ndani. Mara nyingi utasikia kompyuta inalia tii, tii, tii. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15, shika chuma cha kasha ili kutoa umeme wa mwilini, ndipo ufungue. Achia vibanio vya pembeni, toa ramu, isugue miguu yake taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka usikie "ka!" Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Ikiendelea kulia, rekodi mlio kwa simu ututumie WhatsApp. Kila kampuni ina milio yake, na nyingine hazilii bali kitufe hupepesa rangi ya chungwa. Hapo piga video ututumie.

Kama saa na tarehe nazo hurudi nyuma kila siku, betri ndogo ya madabodi imeisha. Ni CR2032, na ni rahisi kubadilisha.

Faili zako je? Zimo kwenye hadidiski, ghala la ndani la kompyuta, na kioo kuwa cheusi hakuzifuti. Fundi akikuambia dawa ni kupiga Windows upya, ilhali hata maandishi ya mwanzo hayajatokea kwenye kioo, beba kompyuta yako uondoke.

Ukishindwa, tuletee kasha peke yake. Kioo na kibodi viache, tunavyo vya kujaribia. Ila waya wa umeme, huo uje nao.