Tarumbeta Linakuja na Basi la Asubuhi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama yako mzima, anakusalimu sana. Simu ya juzi ilikatika kabla sijakujibu, nami sikutaka kulijibu jambo lile kwa haraka, ndiyo maana nimeshika kalamu. Uliniuliza: ukimaliza chuo hapo Bagamoyo ukakubali ualimu wa muziki, ndiyo utakuwa umeliweka tarumbeta kabatini?

Miaka yangu ya mwanzo ningekujibu ndiyo. Usiku niko kwenye dansi hadi saa tisa, saa moja na nusu asubuhi nimesimama mbele ya watoto hamsini, midomo imevimba, nawaandikia do re mi ubaoni ili wanyamaze. Wewe ulikuwa mdogo, ukiniona nimelala mchana ukidhani naumwa. Nilikuwa nawapunja wale watoto, na nilijua.

Kisha ikaja ile harusi ya Makorora. Tulikuwa tunapiga matarumbeta nyuma ya pikapu, gari likaingia shimoni, kidomo cha kupulizia kikanigonga mdomo wa juu ukachanika. Nyuzi nne. Miezi mitano sikupuliza. Uji wa mama yako pengine unaukumbuka. Ya darasani sijawahi kukusimulia.

Mwalimu wa tarumbeta asiyeweza kupuliza atafundisha nini? Nilinunua mita moja na nusu ya mpira wa kumwagilia bustani, maana bomba la tarumbeta letu likikunjuliwa ni karibu urefu huo. Upande mmoja nikachomeka faneli ya mafuta ya taa, upande wa pili kidomo. Mtoto akatetemesha midomo, mpira ukalia! Akikaza midomo, sauti inaruka: do, so, do, mi, so. Basi, noti za katikati huzipati. Matarumbeta mengi yalikuwa hivyo hadi mwanzoni mwa karne ya 19, vali, vile vitufe vya kubonyeza, zilipobuniwa Ujerumani. Vali kazi yake ni kurefusha njia ya hewa tu: ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Nilikuwa nimezibonyeza miaka kumi na miwili bila kumweleza mtu kwa nini, wala kujiuliza.

Siku moja binti wa darasa la sita akaniuliza, "Mwalimu, sauti ikipanda ulimi unakaa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikakaa kibarazani nikipiga mluzi polepole, juu, chini, nikahisi ulimi unavyoinuka kama mtu anayetoka kwenye "aa" kwenda "ii". Mwanangu, nilitokwa na machozi. Miaka yote nilikuwa natafuta noti za juu kwa kulikandamiza tarumbeta mdomoni, na dansi likiisha kidomo kimeacha duara jekundu. Nilipopona nilianza upya kwa swali la yule binti. Noti ambazo zamani nilizilazimisha zikaja zenyewe, na watu wa bendi wakadhani nimebadilisha tarumbeta.

Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba shule ni kwa walioshindwa jukwaani. Hapa kwetu Tanga, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, shule ya Wajerumani ilikuwa na beni, yaani bendi ya matarumbeta, ya wanafunzi, na mitaani vikundi vya beni vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi na gwaride. Tarumbeta katika mji huu limekuwa likitoka darasani kwenda barabarani na kurudi.

Ukikubali kazi, jiwekee alfajiri. Noti ndefu, dakika ishirini, taratibu, kabla hujasikia kelele za watoto. Na usichukue shughuli ya usiku wa kuamkia mtihani wao. Mimi nilichukua, zaidi ya mara moja.

Tarumbeta langu nakutumia kwa basi la asubuhi Jumatano. Vali ya pili inakwama. Usiitie mafuta ya cherehani nilivyokuwa nikifanya, yanaganda na kushika vumbi. Tafuta ya vali yenyewe. Chumvi ya bahari hapo Bagamoyo ni ileile ya huku, basi lioshe kwa maji ya vuguvugu, ulikaushe vizuri. Mpira nao nimeukunja humo humo ndani ya kasha. Faneli ilishapasuka, utanunua nyingine sokoni.

Baba yako