Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya

YAH: UCHUNGUZI WA MISHIPA YA SHINGO KWA WALIOTIBIWA SARATANI KWA MIONZI

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ninaowasemea hawaonekani kwenye rejista zetu. Ni watu walioumwa saratani ya koo, ya koromeo, ya mdomo au ya nyuma ya pua. Walipanda basi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, maana kwa miaka mingi Ocean Road, taasisi ya saratani ya huko, ndiyo ilikuwa mahali pekee pa tiba ya mionzi nchini. Wakapigwa mionzi siku tano kwa wiki, wiki sita au saba, wakapona, wakarudi zao Kyela, Rungwe, Chunya na Mbarali. Kule walikotibiwa wana faili. Huku nyumbani wana kadi ya kliniki ya presha, na wengine hata hiyo hawana.

Ombi langu ni hili: kila anayehudhuria kliniki ya presha na kisukari mkoani kwako aulizwe kama amewahi kupigwa mionzi shingoni. Akisema ndiyo, apelekwe kupimwa mishipa mikubwa ya shingo kwa ultrasaundi.

Wewe ni daktari, unayajua haya kuliko mimi; nayaeleza kwa ajili ya wasomaji wengine. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapanda pande zote mbili za koo. Saratani za eneo hili zinapotibiwa kwa mionzi peke yake dozi mara nyingi hufika Grei (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 66 hadi 70, na mionzi ikilenga koo au tezi za shingoni ni vigumu kuikwepa mishipa hiyo. Utando wa ndani wa mshipa unajeruhiwa. Vijishipa vidogo vinavyolisha ukuta wake vinakufa, ukuta unakuwa mgumu na mnene, mafuta yanaganda humo mapema kuliko umri wa mtu. Hayo yanakwenda taratibu, miaka mitano, kumi, hata zaidi, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Kwa kawaida mshipa huu hubana pale unapogawanyika, lakini kwa aliyepigwa mionzi unaweza kubana sehemu ndefu, tena pande zote mbili. Kipande cha damu iliyoganda kikichomoka hapo kikaenda juu, ni kiharusi. Tafiti zinaonyesha kwamba hatari ya kiharusi kwa watu hawa ni kama mara mbili ya wenzao, au zaidi.

Kaka yangu ni mmoja wao. Ukimtazama tu unajua: kuanzia chini ya taya mpaka kwenye kola ndevu hazioti, ngozi imekuwa nyeusi na kavu, na akitaka kumwangalia mtu aliye pembeni inabidi ageuke na mabega yote. Kinyozi wake pale Mwanjelwa anajua hapo hapapitishwi mashine. Lakini kwenye kliniki aliyokuwa anahudhuria alifungwa kipimo cha presha mkononi kila mwezi, akaandikiwa dawa, akaruhusiwa, na hakuna aliyemuuliza hiyo shingo imepatwa na nini.

Siku moja jicho lake la kulia liliingia giza kama pazia linaloshushwa, likafunguka baada ya dakika chache. Baadaye kikombe cha chai kikamponyoka mkono wa kushoto, maneno yakawa hayaeleweki, na kabla bajaji haijafika alikuwa mzima, anatucheka kwa kuhangaika. Jirani akasema hayo ni mambo ya watu. Kliniki ikasema presha, ikaongeza kidonge. Kumbe jicho la kulia na mkono wa kushoto vyote vinaelekeza kwenye mshipa wa kulia wa shingo! Dalili za namna hiyo, hata zikipita zenyewe, ni dharura, kwa sababu kiharusi kamili mara nyingi hufuata ndani ya siku au wiki chache. Kwake kilifuata. Ultrasaundi ilifanywa akiwa tayari wodini, ikaonyesha mishipa yote miwili imebana, wa kulia zaidi.

Sitaji jina la kliniki hiyo, maana naamini kwingine ingekuwa vilevile. Swali halimo kwenye fomu, basi haliulizwi.

Sitaki mtu asome barua hii akakataa mionzi. Kaka asingekuwepo bila hiyo mionzi, na saratani ya koromeo haimsubiri mtu afikirie.

Najua utaniambia habari ya vifaa. Kuuliza hakuhitaji kifaa, na kumwambia mgonjwa afungue kola hakuhitaji kifaa. Stetoskopu ipo kila mahali: ikiwekwa shingoni inaweza kusikika mvumo, ingawa kutosikika kitu si uthibitisho kwamba mshipa ni salama. Ultrasaundi ya mishipa inataka mashine yenye Dopla, yaani inayoonyesha damu inavyopita, na mtu aliyefundishwa kuisoma, hilo nakubali. Basi asiyeweza kupimwa wilayani aandikiwe rufaa. Nauli ya Tukuyu hadi Mbeya mjini si nauli ya Dar.

Wengi watakaokutwa na tatizo hawatahitaji kisu. Watahitaji presha idhibitiwe kwelikweli, lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) ipimwe na kushushwa kwa dawa, aspirini kwa anayefaa, na sigara iachwe. (Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, nayo huathiriwa na mionzi hiyo hiyo, na ikizembea lehemu inapanda, kwa hiyo ipimwe papo hapo.) Wachache ambao mshipa umebana sana, hasa walioonyesha dalili, ndio wa kupelekwa kwa mabingwa waamue kati ya upasuaji na kuwekewa stenti, kijibomba cha kuuacha mshipa wazi. Shingo yenye makovu ya mionzi si rahisi kupasua, ndiyo maana uamuzi huo usiachwe hadi usiku wa dharura. Kipimo kirudiwe kila baada ya muda gani, hilo wataalamu wako watalipanga.

Waraka wa ukurasa mmoja kwenda halmashauri zote unatosha kuanzia. Pili, naomba anayerudi kutoka kwenye mionzi aandikiwe kwenye kadi yake ya hapa mkoani: alipigwa sehemu gani, dozi kiasi gani, mwaka gani. Karatasi alizopewa huko mara nyingi zinaishia kwenye mfuko juu ya kabati, na mhudumu wa zahanati hatazifuata huko.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.

Nakala: Waganga Wakuu wa Halmashauri zote, Mkoa wa Mbeya.