Barua kwa mwanangu: ukurasa wa Firauni Ramses wa Pili

Mwanangu Neema,

Salaam nyingi. Nimeusoma mpango wa kazi yenu ya darasa, wa kumfungulia Ramses wa Pili ukurasa kana kwamba yu hai na ana simu mkononi. Umechagua mtu anayefaa hasa. Kasoro ni kwamba umemfanya mchekeshaji. Ramses alikuwa mtu wa kiki, na kiki zake alizipanga kwa hesabu. Fuata tu alivyofanya kwenye kuta zake, watu watacheka wenyewe.

Amua mwaka kabla ya kuandika chochote. Alitawala miaka 66, takriban 1279 hadi 1213 KK, na posti ya kijana haifanani na ya mzee. Mimi ningeanza na vita vya Kadesh, mji uliokuwa katika Syria ya leo. Na usimwandikie "KK", yeye angeijulia wapi? Tarehe yake, inayohesabiwa tangu aanze kutawala, ni hii: mwaka wa 5, mwezi wa 3 wa kiangazi, siku ya 9. Ndivyo taarifa yake ya vita inavyofunguka.

Sasa ujue kilichotokea, maana usipokijua hutaona anapopindisha. Alikuwa na vikosi vinne vyenye majina ya miungu: Amun, Ra, Ptah na Seth. Njiani Washasu wawili, watu wa makabila ya wafugaji wa kuhamahama, wakamwambia kwamba Muwatalli, mfalme wa Wahiti, dola iliyokuwa Uturuki ya leo, yuko mbali huko Aleppo. Akaamini, akatangulia na kikosi cha Amun, akapiga kambi karibu na Kadesh huku vikosi vingine vimetawanyika nyuma. Hadi wapelelezi wa Wahiti wanakamatwa na kuchapwa fimbo wakasema kweli, kwamba jeshi lao limejificha nyuma ya mji, mambo yalikuwa yameharibika. Magari ya vita ya Wahiti yalikivunja kikosi cha Ra yakaingia mpaka kambini. Ramses alipigana, hilo tusimnyime, lakini kambi iliokolewa pia na askari wengine wa Misri waliofika wakati huohuo. Kadesh haikutekwa. Akarudi nyumbani, akatangaza ushindi.

Alitangaza kwa namna tatu, nawe uzitumie zote: shairi refu, taarifa fupi, na picha za kuchongwa. Picha ndizo muhimu zaidi, kwa sababu waliojua kusoma walikuwa wachache mno. Humo yeye ni mkubwa kama mnara, yuko peke yake garini, na maadui wadogo wanarundikana mbele ya farasi. Kwa hiyo posti zako kumi tofauti zifute. Tunga moja, uirudie kila mahali kama alivyorudia habari hiyohiyo kwenye mahekalu ya Karnak, Luxor, Abydos, Ramesseum na Abu Simbel. Mfuasi akichoka, hapo umempata Ramses kamili.

Posti ya kubandika juu kabisa iwe ya farasi. Katika shairi analisema jeshi lake kwa kumkimbia, halafu anawashukuru farasi wake wawili, Ushindi-katika-Thebes na Mut-Ameridhika, na kuahidi kwamba watalishwa mbele yake kila siku ikuluni. Mbeba ngao wake, Menna, naye anatajwa, ila kwanza anaonyeshwa akitetemeka na kumsihi bwana wake waondoke. Watagi farasi wote wawili na Menna. Majemadari usiwatagi hata mmoja; wataelewa.

Kuna jambo dogo linalonifurahisha: nakala moja ya shairi hilo kwenye mafunjo iliandikwa na karani Pentaweret, na wataalamu wa zamani wakamdhania ndiye mtunzi. Aliyeshea akapewa sifa za aliyeposti. Unaweza kumfungulia akaunti ya pembeni, ya chawa.

Sehemu ya maoni uifunge, ukutani hakuna anayejibu. Acha mlango mmoja tu, wa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti. Hattusili wa Tatu, aliyekuja kutawala Wahiti baadaye, alimwandikia Ramses kuhoji simulizi lile, na jibu la Ramses limebaki kwenye kibao cha udongo: anashikilia kwamba alikuwa peke yake. Mwaka wake wa 21, karibu 1259 KK, wawili hao wakafanya mkataba wa amani. Ukuta wa Karnak unasema wajumbe wa Wahiti walikuja kuomba amani. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Hattusa mwaka 1906 vina mkataba uleule, lakini habari ya kuomba haimo. Weka picha mbili sambamba, bila maelezo yoyote.

Picha ya wasifu tumia sanamu yake ya jiwe jeusi iliyoko Turin, amevaa taji la vita. Ile barakoa ya dhahabu uliyoweka ni ya Tutankhamun, aliyekufa miongo kadhaa kabla Ramses hajatawala. Piramidi za Giza nazo ziondoe, zilikuwa na zaidi ya miaka elfu moja alipozaliwa. Kama unataka kuonyesha anavyojitwalia vya wenzake, chukua sanamu za Amenhotep wa Tatu: alizichongesha upya zikawa zake. Kwenye za kwake mwenyewe, jina alilichimbisha ndani sana kwenye jiwe, ili atakayekuja asiweze kumfanyia vilevile.

Musa usimguse. Wala Biblia wala Kurani haikumtaja Firauni yule kwa jina lake, na ukimweka utajaza ukurasa mabishano ambayo mwalimu hakuyaomba.

Posti ya farasi nitumie kabla hujaipandisha. Maneno yasizidi arobaini, na kila sentensi imtaje yeye mwenyewe.

Mama yako